Metformini: Dawa Ile Ile, Figo Si Zile Zile

Kaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari, iwe Mbeya au Mombasa, na asubuhi haitaisha kabla hujasikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba vidonge vya sukari vinaua figo. Msemaji huwa na ushahidi wake: shemeji yake ametumia metformini miaka kumi, leo anasafishwa damu. Kinachosahaulika ni kwamba shemeji huyo ameishi na kisukari miaka hiyo hiyo kumi, pengine na presha juu yake, na hayo mawili ndiyo yanayochakaza figo. Metformini haiziharibu. Ila uvumi huu umezaliwa jirani kabisa na jambo la kweli: figo zikishachoka, kwa sababu yoyote ile, metformini haina mlango mwingine wa kutokea mwilini.

Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini kabla ya kutolewa. Hii haivunjwi. Ukiimeza, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwenye ini, ikilizuia lisimwage sukari nyingi kwenye damu, halafu hutoka na mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia. Figo zikiwa nzima, hakuna neno. Zikilegea, kidonge cha leo kinamkuta mwenzake wa jana bado yumo. Dawa ikirundikana sana, asidi ya laktiki nayo huweza kujaa kwenye damu. Hutokea kwa nadra, lakini ikitokea ni dharura ya kuokoa maisha.

Woga huo una historia. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha mwaka 1957 matokeo ya kuwapa metformini wagonjwa wa kisukari. Wakati huohuo ndugu yake wa kikemia, fenformini, alikuwa anapendwa zaidi, mpaka ilipoonekana kwamba anasababisha asidi hiyo kwa watu wengi mno, akaondolewa sokoni katika nchi nyingi mwishoni mwa miaka ya 1970. Metformini ikalipishwa deni la ndugu yake: Marekani haikuiruhusu hadi mwaka 1994. Miaka minne baadaye, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba wagonjwa wanene walioanzishiwa metformini walipata vifo na mishtuko ya moyo michache kuliko waliotegemea mlo peke yake. Tangu hapo imekuwa dawa ya kwanza ya kisukari cha aina ya pili karibu dunia nzima, na kwa bei yake sioni ajabu. Haitibu kisukari cha aina ya kwanza. Huko insulini haina mbadala.

Kipimo cha kudai

Kabla kidonge cha kwanza hakijaandikwa, damu ipimwe kreatinini. Kisha majibu yasomwe vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya. Karatasi inarudi na kreatinini peke yake, mtu anaitazama kama imo ndani ya mipaka iliyochapwa pembeni, anasema "figo nzuri," faili linafungwa.

Kreatinini hutoka kwenye misuli. Kijana wa miaka 30 anayebeba magunia sokoni na bibi wa miaka 75 aliyekonda wanaweza wote wawili kupata mikromoli 110 kwa lita. Ingiza umri na jinsia kwenye kanuni inayotumika sasa, na utaona figo za kijana zinachuja kama mililita 80 kwa dakika, za bibi kama 45. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ni moja, wagonjwa ni wawili tofauti kabisa. Kijana apewe dozi ya kawaida. Kwa bibi, mwandikaji wa dawa asite kwanza.

Kwa sababu hiyo mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilibadilisha masharti yao mwaka 2016: zikaacha kutegemea kreatinini tupu, zikaanza kutumia uchujaji wa figo, ule unaoandikwa eGFR kwenye majibu ya maabara. Kama maabara yako haikuuandika, usiondoke. Mwambie daktari akukokotolee. Ana umri wako, jinsia yako na kreatinini yako, na simu yake inaweza kumfanyia hesabu hiyo kwa dakika moja.

Uchujaji wa 60 kwenda juu haubadilishi kitu: dozi ya kawaida, na kipimo kirudiwe walau mara moja kwa mwaka. Kati ya 45 na 60 dawa inaendelea, ila kipimo kiwe kila miezi mitatu hadi sita. Kati ya 30 na 45, ambaye hajawahi kuitumia asianzishiwe. Anayeitumia tayari, daktari apime upya faida na hatari, na akiamua aendelee, dozi kwa kawaida isizidi miligramu 1000 kwa siku. Chini ya 30 dawa inasimama. Hapo hakuna kubembelezana.

Hata namba hiyo ni makadirio tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ambao ulipima figo za watu wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda kwa njia ya uhakika zaidi, uligundua kwamba kanuni za kreatinini huzipa figo za watu wa huku sifa kuliko zinavyostahili. Kwa mtu mwembamba sana, au aliyepoteza mwili kwa ugonjwa wa muda mrefu, mimi ningeitazama 48 yake kwa jicho la 40.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote halifanyiki siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu yuko makini. Hufanyika mwaka wa sita, pale mgonjwa anapoandikiwa "endelea na dawa" kwa mara ya ishirini, miligramu 1000 asubuhi na jioni, dozi iliyopangwa alipokuwa na miaka 58 na kilo 84. Sasa ana miaka 64, kilo 66, presha imempanda, na hakuna aliyekumbuka kuuliza figo. Mwenye kadi ndiye anayeweza kukumbusha: "Daktari, figo zangu zilipimwa lini mara ya mwisho, na zilikuwa ngapi?" Si utovu wa adabu. Daktari aliyelemewa na foleni ya watu hamsini atakushukuru, hata kama hatasema.

Kuanza taratibu

Wengi huiacha metformini wiki ya kwanza kwa sababu ya tumbo: kichefuchefu, gesi, kuhara, ladha ya chuma mdomoni. Mara nyingi tatizo ni mwendo. Mtu anayepewa miligramu 850 mara mbili kwa siku tangu mwanzo ana haki ya kuchafukwa na tumbo. Njia ya kistaarabu ni miligramu 500 mara moja kwa siku pamoja na chakula cha jioni, wiki moja au mbili, kisha 500 asubuhi na jioni, kisha kupanda kidogokidogo mpaka sukari itulie. Wengi hufika 2000 kwa siku. Kumeza katikati ya chakula au mara tu baada yake husaidia sana. Chai kavu ya asubuhi si chakula.

Tumbo likigoma hata hivyo, kuna aina inayotoka polepole, kwa kawaida mara moja jioni. Kidonge hicho humezwa kizima, hakikatwi wala hakisagwi. Usishtuke ukikuta kitu kama kidonge kwenye choo: ni ganda tu, dawa yenyewe imeshatoka.

Jambo moja halipewi uzito unaostahili. Aliyeizoea metformini miaka mingi bila shida, kisha ghafla akaanza kuhara au kutapika, asiilaumu dawa na kukaa nyumbani. Tumbo lililokuwa limetulia halibadiliki bure. Aende akachunguzwe, na figo zipimwe siku hiyo.

Kuna pia mtego wa duka la dawa. "Nipe zile za sukari, kama hizi." "Hizo zimekwisha, mama, chukua hizi, ni zile zile." Zinaweza kuwa zile zile kweli, lakini za miligramu 850 badala ya 500, au metformini iliyochanganywa na glibenklamidi ndani ya kidonge kimoja. Majina ya biashara ni mengi na maboksi hayafanani. Nimemwona mtu mwenye maboksi mawili ya makampuni tofauti, akimeza yote mawili kwa bidii akidhani ni dawa mbili. Usisome jina kubwa la mbele. Tafuta maandishi madogo ya jina halisi la dawa na idadi ya miligramu. Usipoyaona, mfamasia akuonyeshe kwa kidole.

Siku ya kuugua

Tumefundishwa miaka yote kwamba dawa ya sukari haikatizwi. Kwenye redio, kwenye mabango, na nesi anarudia kila mwezi. Ni mafundisho mazuri, lakini yana siku ambazo hayafai, na karibu hakuna anayewaeleza wagonjwa ni siku zipi.

Malaria ikikutapisha kila unachokunywa, kipindupindu kikiingia mtaani, au chakula cha harusini kikikuharisha usiku kucha, mwili hukaukiwa maji na figo hukosa damu ya kuchuja. Uchujaji uliokuwa 70 unaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Mgonjwa mtiifu anaendelea kumeza vidonge vyake, maana ameambiwa asikatize, na kila kidonge kinaongezea juu ya kile kisichotoka. Asidi ya laktiki mara nyingi huanza hivyo: mwenye dozi sahihi akiugua kitu kingine.

Kwa hiyo ukitapika au kuhara kiasi kwamba maji hayakai mwilini, au ukiwa na homa kali usiyoweza kula wala kunywa, simamisha metformini. Kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS kidogokidogo, uende kituo cha afya. Irudishe ukiwa umekula na kunywa kawaida kwa siku moja hadi mbili. Kama ulilazwa au uliishiwa maji sana, usubiri figo zipimwe kwanza. Uliza pia kuhusu dawa za presha na za kukojoza, kwa sababu baadhi yake nazo husimamishwa siku kama hizo. Ila insulini usiisimamishe kwa uamuzi wako. Ugonjwa huweza kupandisha sukari hata kama hujala.

Dalili zinazotaka hospitali kubwa mara moja ni kupumua kwa kasi na kwa nguvu bila kukimbia, maumivu makali ya tumbo, misuli kukaza, mwili kuwa wa baridi, udhaifu wa ajabu, usingizi usioeleweka. Anayekupeleka aseme mapema kwamba unatumia metformini, asisubiri kuulizwa.

Siku nyingine ya kusimama ni ya upasuaji wa nusu kaputi. Dawa hurudi baada ya saa 48, mgonjwa akiwa anakula na figo zikiwa sawa. Vivyo hivyo CT-skani inayochomwa dawa ya kung'arisha picha yenye madini ya joto. Si kila mwenye metformini hulazimika kuisimamisha kwa skani hiyo, lakini mwenye uchujaji chini ya 60, au mwenye ugonjwa wa ini, moyo ulioshindwa kazi, au mazoea ya pombe nyingi, huisimamisha siku ya kipimo na kupimwa figo baada ya saa 48. Kitaje kisukari chako kwa anayekuchoma sindano hiyo, hata kama daktari aliyeandika kipimo anakijua.

Dawa zinazokutana

Hapa Afrika Mashariki kuna mkutano mmoja unaostahili kujulikana na kila mtu: metformini na dolutegraviri, ambayo imo kwenye kidonge kimoja cha siku wanachotumia wengi wanaoishi na VVU, Tanzania, Kenya na Uganda. Dolutegraviri huzuia njia ambazo metformini hupitia kutoka kwenye figo. Kwa dozi ya kawaida ya mara moja kwa siku, metformini kwenye damu hupanda kwa karibu asilimia 80. Kidonge cha 500 kinafanya kama cha 900. Dawa zote mbili zinaweza kutumika pamoja, lakini metformini isizidi miligramu 1000 kwa siku na figo zifuatiliwe kwa karibu.

Ugumu wake si wa kifamasia. Kliniki ni mbili, mafaili ni mawili, na mtu anaogopa kutaja dawa za kufubaza VVU kwenye chumba ambacho mlango hauna kitasa. Ningemshauri aseme kule kwingine: kwenye kliniki ya VVU, ambako siri yake tayari inajulikana, aonyeshe vidonge vyake vya sukari na aombe daktari wa huko aangalie dozi. Ajue pia kwamba dolutegraviri hupandisha kreatinini kidogo bila kuziumiza figo, hivyo badiliko dogo la wiki za mwanzo lisimtie hofu.

Trimethoprimu, iliyomo ndani ya kotrimoksazoli, hufanya jambo linalofanana na hilo. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya goti, zinazouzwa kama karanga, huzikaba figo zenyewe, hasa kwa mzee anayetumia pia dawa za presha na za kukojoza. Maumivu ya kawaida yatafutiwe parasetamoli. Pombe nyingi kwa mkupuo mmoja, iwe bia au gongo, huzidisha hatari ya asidi, na ini lililokwisha kuharibika ni sababu ya kutoandikiwa metformini kabisa.

Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Ukiona mtu anatetemeka, anatokwa jasho na kuchanganyikiwa, tafuta mwenzake: insulini, glibenklamidi, au unga wa "dawa ya asili ya sukari" aliouziwa stendi. Nchi mbalimbali zimewahi kukamata bidhaa za mitishamba zilizotiwa glibenklamidi kwa siri, na nyingine hata fenformini iliyopigwa marufuku. Mpe kwanza sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au soda yenye sukari, kama anaweza kumeza. Kisha mfuko wa unga huo uende naye hospitali.

Ganzi ya miguu na majibu ya miezi mitatu

Metformini hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba upungufu huo ni wa kawaida kuliko ilivyodhaniwa. Huchukua miaka, na dozi kubwa huuharakisha. Shida ni sura yake: miguu kuchomachoma, ganzi, kuyumba, uchovu, upungufu wa damu. Hizo hizo ndizo dalili za kisukari kilichogusa mishipa ya fahamu, basi mgonjwa anaambiwa "hiyo ni sukari" na anaongezewa metformini. Mwenye dalili hizo apimwe B12. Afuatiliwe pia hata bila dalili aliyetumia dawa miaka mingi, mzee, anayetumia omeprazoli kila siku, na asiyekula nyama, mayai wala maziwa, awe kwa imani au kwa uwezo wa mfuko. Tiba ni rahisi, vidonge au sindano za B12, na metformini kwa kawaida haiachwi. Vidonge vya foliki asidi peke yake visitumike kama tiba: damu inaweza kupanda huku mishipa ikiendelea kuharibika.

Kujua kama dawa inafanya kazi, kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi mitatu, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu mpaka hali itulie, kisha kila miezi sita. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kuwa karibu na asilimia 7. Kwa mzee sana daktari hulegeza. Kipimo hiki hutegemea chembe nyekundu kuishi umri wake wa kawaida. Mwenye selimundu hakimfai, na hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu na haumwi anaweza kupata majibu ya chini kuliko ukweli. Kama HbA1c inasema vizuri huku kipimo cha kidole kila asubuhi kikisema milimoli 11 kwa lita, amini kidole, kisha damu ichunguzwe.

Wanaofunga Ramadhani, kwa metformini peke yake na figo nzima, huwa na kazi nyepesi, ila waonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Dozi ya mara moja huhamia futari. Ya mara mbili huliwa futari na daku. Ya mara tatu, ile ya mchana huunganishwa na ya futari. Kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, fungua, hata kama adhana ya magharibi imebakiza nusu saa. Anayetumia glibenklamidi au insulini pamoja na metformini asijipangie mwenyewe.

Wanawake walioandikiwa metformini kwa ajili ya uvimbe mdogomdogo wa ovari na hedhi isiyoeleweka wanapaswa kuambiwa kitu ambacho mara nyingi hawaambiwi: dawa hii inaweza kurudisha upevushaji wa mayai kabla hedhi haijakaa sawa. Asiyetaka mimba aanze uzazi wa mpango siku ileile anayoanza vidonge. Anayeitumia kwa kisukari na akakosa siku zake apime mimba mapema na amwone daktari wiki hiyohiyo, bila kuacha dawa kwa hofu, maana sukari isiyodhibitiwa wiki za mwanzo humdhuru mtoto, na daktari ndiye ataamua aendelee nayo au ahamie insulini.